Tusimcheke aliyelaghaiwa kwa simu, tuulize mwizi alijuaje jina lake

Kila habari ya mtu kulaghaiwa kwa simu inapofika barazani, swali la kwanza huwa lile lile: kwani hakujua kuwa nambari ya siri haitolewi? Kisha watu hucheka. Mimi naona tunamuuliza asiyefaa. Tungeuliza kwanza mwizi alijuaje jina lake.

Tazama ulaghai huu unavyokwenda. Simu inalia. Upande wa pili yuko kijana mwenye adabu. Anakuamkia, anakutaja kwa majina yako matatu, pengine na nambari ya kitambulisho. Anasema laini yako iko karibu kufungwa, au kuna pesa zimetumwa kwako kimakosa na mwenyewe analia. Halafu anakuharakisha. Hapo hakuna mtambo wowote uliovunjwa. Sisi wa Pwani tumelelewa kwamba anayekuamkia kwa heshima hukatiwi simu, na mwenye shida husikilizwa. Tapeli anaijua tabia hiyo, na ndiyo anayofungulia mlango.

Lakini heshima peke yake haingemtosha. Kinachomfanya mzee amwamini ni kusikia taarifa zake mwenyewe. Zatoka wapi? Ingia majengo mengi ya afisi hapa Mombasa: askari wa lango atakusogezea daftari uandike jina, simu na kitambulisho. Daftari liko wazi mezani, na anayekufuata anaweza kusoma mistari ya wote waliomtangulia. Ongeza fomu za basari, orodha za michango zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na nakala za vitambulisho zinazosahaulika kwenye vibanda vya fotokopi. Mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa bila kuulizwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria tunayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako akwambie anazitakia nini, asichukue kuliko anachohitaji, na azihifadhi salama. Zikivuja kwa njia inayoweza kukudhuru, ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Wala si maneno ya karatasini tu. Mnamo Septemba 2023 afisi ya Kamishna iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kampuni moja ya mikopo ya simu Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia jumbe za vitisho.

Ila malalamiko hayaanzi bila mlalamishi, na hapo ndipo kicheko chetu kinapotugharimu. Mama aliyepoteza karo ya watoto huona haya, hunyamaza, na tapeli huyo huyo humpigia jirani yake kesho. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini ni sisi tunaomfanya aufiche. Akisema mapema, husaidika. Laini inaweza kufungwa kabla pesa zote hazijatoka. Safaricom imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000 pekee, na nambari ya tapeli hutumwa kwa 333 bila malipo.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Kwa wenye majengo, shule na vyama vyetu: kama huna haja ya nambari ya kitambulisho, usiiulize, na kama unayo, usiiache wazi mezani. Nasi wananchi tuzoee kuuliza langoni, bila ugomvi: hii ni ya nini, na daftari hili likijaa hupelekwa wapi?

Kwa vijana: mzee wako akikwambia ametapeliwa, usianze na "ulitoaje nambari ya siri?" Mwambie pole, kisha ipigie kampuni ya simu pamoja naye saa ile ile. Hilo swali lako litakuja kumfundisha kunyamaza tu, na siku akipigiwa tena hutajua.