Mahakama ya Juu Haimalizi Mambo

Mahakama ya Juu ya Kenya ilizaliwa na Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kabla ya hapo, safari ya kesi iliishia Mahakama ya Rufaa. Kifungu cha 163 cha Katiba kinaipa majaji saba: Jaji Mkuu, Naibu wake na wengine watano, na akidi ya kikao ni watano. Ni yenyewe tu inayosikiliza kesi za kupinga uchaguzi wa rais, na hupewa siku 14 tu kuziamua. Husikiliza rufaa zinazohusu tafsiri ya Katiba na zile zenye uzito kwa umma, na hutoa maoni ya kisheria inapoombwa na serikali kuhusu masuala ya kaunti. Mahakama nyingine zote nchini zinafungwa na uamuzi wake.

Kutokana na mamlaka hayo imeota imani inayosikika barazani, kwenye matatu, redioni na hata katika kumbi za Bunge: kwamba Mahakama ya Juu ikishasema, mambo yamekwisha. Aliyeshinda huko ameshinda kabisa, aliyeshindwa hana la kufanya, na taifa zima linaweza kurudi kwenye shughuli zake. Imani hiyo ni potofu na imeigharimu Kenya. Mahakama ya Juu humaliza kesi, haimalizi mambo. Inaweza kutamka nani ana haki, lakini haina kikosi cha kutuma, haina hazina ya kufungua, na haiwezi kutunga sheria ambayo wabunge wamekataa kuipitisha. Nguvu ya hukumu yake hutegemea mkono unaopaswa kuitekeleza, na kadiri mkono huo unavyokuwa mbali na mahakama ndivyo hukumu inavyodhoofika.

Pale ambapo watekelezaji ni majaji na mahakimu wenyewe, hukumu husafiri haraka. Mfano bora ni uamuzi wa tarehe 14 Desemba 2017 kuhusu adhabu ya kifo. Kwa miaka mingi, Kifungu cha 204 cha Sheria ya Adhabu kilimlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, hata kama mazingira ya kosa yalistahili adhabu nyingine. Wafungwa wawili walipinga kulazimishwa huko, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nao. Haikuifuta adhabu ya kifo. Ilifuta ulazima wake, ili kila mshtakiwa asikilizwe kabla ya adhabu kupangwa. Mara moja mahakama kote nchini zikaanza kupokea maombi ya wafungwa waliotaka adhabu zao ziangaliwe upya.

Lakini hata hapo, ambapo njia ilikuwa fupi, neno moja halikutosha. Waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu na kwa makosa ya ngono nao walibisha hodi mahakamani wakitumia uamuzi huohuo. Majaji wengine waliwakubalia, wengine wakawakatalia. Ilibidi Mahakama ya Juu irudi tarehe 6 Julai 2021 kueleza kwamba uamuzi wake wa 2017 ulihusu mauaji peke yake. Kwa miaka mitatu na nusu, wafungwa waliokuwa na hatia ya makosa yanayofanana walipata majibu tofauti kutegemea mlango walioingilia.

Utekelezaji ukitoka mikononi mwa majaji na kuingia katika taasisi za serikali, mwendo hupungua zaidi. Mnamo Novemba 2011, nyumba za wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, zilibomolewa ilhali Mahakama Kuu ilikuwa imetoa agizo la kuwalinda. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikawapa wakazi ushindi: ikathibitisha kwamba haki ya makazi inalindwa na Katiba, na kwamba mahakama inaweza kutoa maagizo na kuendelea kusimamia utekelezaji wake hatua kwa hatua. Hukumu hiyo ni ya thamani kubwa kwa kila Mkenya anayeishi kwenye ardhi ya umma bila hati. Kwa familia za Mitumba, hata hivyo, ilikuja zaidi ya miaka tisa baada ya mabati yao kung'olewa, na faili ikarudishwa Mahakama Kuu ili nafuu wanayostahili iamuliwe. Anayesema mambo yalikwisha siku ile ya Januari hajajiuliza watu hao walilala wapi usiku wake.

Mkono wa Bunge uko mbali zaidi, na huko ndiko imani hii inapoanguka kabisa. Katiba inasema kwamba katika chombo chochote cha kuchaguliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Mwanasheria Mkuu aliiuliza Mahakama ya Juu kama sharti hilo lilipaswa kutimizwa papo hapo. Tarehe 11 Desemba 2012, majaji wengi walisema litimizwe kwa hatua, lakini Bunge liwe limetunga sheria ya kulitekeleza kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Kwake, haki hiyo haikuwa ya kusubirishwa.

Kilichofuata kinapaswa kufundishwa katika kila darasa la uraia. Agosti 2015 ilipofika, wabunge walijiongezea mwaka mmoja. Mwaka huo ukapita. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliwapa siku 60, nazo zikapita. Miswada ililetwa na kuanguka kwa kukosa idadi ya kura inayotakiwa kubadilisha Katiba. Tarehe 21 Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alichukua hatua ambayo Katiba inamwamuru kuichukua: alimshauri Rais Uhuru Kenyatta kulivunja Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, Rais hakulivunja Bunge, na wabunge wakamaliza muhula wao hadi uchaguzi wa 2022. Chaguzi za 2013, 2017 na 2022 zote zimezaa Bunge lisilotimiza sharti hilo. Mahakama ya juu kabisa ilitamka na kuweka tarehe, lakini waliopaswa kutii walikalia viti vyao na kuchukua mishahara yao kila mwezi.

Serikali nayo ina njia zake za kuibana mahakama bila kukataa hukumu waziwazi. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41 wapya wa mahakama za chini ya Mahakama ya Juu. Rais alikataa kuwateua kwa karibu miaka miwili, ingawa Mahakama Kuu ilisema hana hiari ya kuchagua na kubagua. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha wengine nje. Mwishoni mwa 2019 Jaji Mkuu Maraga alisimama hadharani kulalamikia kupunguzwa kwa bajeti ya Mahakama. Hukumu kutoka juu hutegemea majaji wa kuitumia na fedha za kuendesha vikao huko chini. Anayebana hivyo viwili hahitaji kubishana na hukumu.

Kesi za urais ndizo zilizoipa imani hii nguvu, na ndizo zinazoibomoa. Tarehe 1 Septemba 2017, kwa kura nne dhidi ya mbili, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8. Lilikuwa jambo la kwanza la aina yake barani Afrika. Sababu zake zilihusu namna matokeo yalivyosafirishwa na kujumlishwa, pamoja na Tume ya Uchaguzi kutotii agizo la kufungua seva zake zikaguliwe. Rais Kenyatta alisema anauheshimu uamuzi huo, kisha siku hiyohiyo akawaita majaji wakora mbele ya umati. Wabunge wa upande wake wakapitisha mabadiliko ya sheria za uchaguzi yaliyolenga kuifanya kazi ya kufuta uchaguzi kuwa ngumu zaidi. Raila Odinga, aliyeshinda kesi, alijiondoa kwenye marudio ya uchaguzi akidai Tume haijarekebishwa. Usiku wa kuamkia Oktoba 25, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Asubuhi, majaji wawili tu walifika kusikiliza ombi la kusimamisha marudio, akidi ikakosekana, na ombi halikusikizwa. Siku iliyofuata kura ilipigwa na chini ya asilimia 40 ya waliojiandikisha.

Tarehe 20 Novemba Mahakama ya Juu ilithibitisha matokeo ya marudio kwa kauli moja. Kama imani hii ingekuwa kweli, mzozo ungeisha siku hiyo. Haukuisha. Januari 30, 2018, Odinga alijiapisha Uhuru Park kuwa rais wa wananchi. Joto lilishuka Machi 9, yeye na Rais Kenyatta waliposhikana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Handisheki hiyo ikazaa Mpango wa Maridhiano, mpango ukazaa mswada wa kubadilisha Katiba, na mswada ukarudi mbele ya Mahakama ileile, ambayo Machi 31, 2022 iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyotengewa wananchi. Hivyo uamuzi uliodhaniwa kuwa mwisho ulizalisha miaka minne ya siasa na kesi nyingine kubwa.

Malawi inatoa ulinganisho ulio wazi. Februari 2020 mahakama ya huko ilifuta uchaguzi wa rais wa 2019, na Mei mahakama yake ya juu ikaunga mkono. Vyama vya upinzani viliungana, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akajiuzulu, mwingine akateuliwa, na marudio ya Juni 23 yakafanyika wagombea wakuu wote wakiwemo. Lazarus Chakwera akamshinda rais aliyekuwa madarakani. Nchi mbili zilipata hukumu zinazofanana na matokeo tofauti. Tofauti ilitokana na yale ambayo Tume, vyama na wananchi walifanya baada ya majaji kuondoka ukumbini.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba hukumu ya 2017 ilipotea bure. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, Tume iliweka kwenye tovuti ya wazi fomu za matokeo kutoka zaidi ya vituo 46,000, na mwenye simu yoyote ya intaneti aliweza kujumlisha mwenyewe. Mbegu ya uwazi huo ilipandwa na hukumu ya 2017, ikamwagiliwa na mawakili, wanahabari na mashirika ya kiraia waliodai kwa miaka mitano kwamba fomu zionekane. Huo ndio ushawishi halisi wa Mahakama ya Juu: huweka kipimo, na kipimo hicho hupata uhai pale watu wanapokishika na kukidai.

Hata kisheria, neno la Mahakama ya Juu si la mwisho kama wengi wanavyodhani. Inafunga mahakama nyingine, haijifungi yenyewe. Imekwisha kueleza vigezo vya kuachana na uamuzi wake wa awali. Mwaka 2020, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huko Arusha, katika ngazi yake ya kwanza, ilipata kwamba haki ya mwanasiasa Martha Karua ya kufikia vyombo vya sheria ilivunjwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya ugavana wa Kirinyaga.

Watetezi wa imani hii husema kwamba taifa linahitaji mahali pa kukomea, la sivyo kila mzozo utarudi barabarani. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu hukumu sharti itiiwe hata na asiyeipenda. Lakini kutii ni kazi, na imani kwamba mambo yamekwisha huwafanya watu waiache kazi hiyo kabla haijaanza. Mwananchi huenda nyumbani akidhani haki yake inajitekeleza. Mbunge hupata mwanya wa kukaa kimya hadi gazeti lisahau. Wanasiasa hulitupa mahakamani kila swali walilopaswa kulijibu wao, kisha huwalaumu majaji saba kwa jibu lisilowapendeza. Mahakama inayobebeshwa matumaini yote ya taifa hubebeshwa pia hasira zote, na majaji wake huwa shabaha.

Heshima ya kweli kwa Mahakama ya Juu huanza siku ya pili baada ya hukumu. Vyombo vya habari vinavyojaza kurasa siku ya kusomwa kwa uamuzi vinapaswa kurudi baada ya miezi sita kuuliza nani ametii na nani amekaidi. Bunge linapaswa kuulizwa na wapiga kura, katika kila mkutano wa kampeni, kuhusu maagizo ambayo halijayatimiza, likianza na lile la Desemba 2012. Mahakama nazo zitumie kwa ujasiri mamlaka ya kusimamia maagizo yao, kama zilivyothibitishiwa katika kesi ya Mitumba. Na kila mwananchi anayesherehekea ushindi mahakamani ajue kwamba amepewa haki ya kudai. Kudai kwenyewe kumebaki kwake.