Mbwa wa kulelewa na majirani wa Huruma
Huruma yetu hapa Eldoret ni ya ploti zilizobanana: ukuta mmoja wa mabati, familia mbili, na mbwa akibweka saa nane za usiku mtoto wa jirani anaamka akilia. Ndiyo maana anayetaka kufungua mahali pa kulaza na kutunza mbwa wa watu asitosheke na leseni ya biashara pekee. Leseni hiyo haigeuzi ploti ya makazi kuwa ya biashara. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka aombe idhini ya kaunti na kuujulisha umma. Akianza bila idhini, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi 2, au vyote viwili. Kazi yenyewe siipingi. Eldoret ni jiji tangu Agosti 15, 2024, na watu wa jiji husafiri wakaacha mbwa nyuma. Ila nataka kwanza kujua maji ya kuoshea vibanda yataelekea wapi, maana mtaro ukiziba hapa kila mlango hunuka, na kila mbwa anayeingia awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Nasi majirani tuna kosa letu: tangazo la ombi la idhini linapigwa misumari getini, tunalipita tukikimbilia matatu, kisha tunalalamika ujenzi ukishakwisha. Ukiliona, simama ulisome. Ukiwa na pingamizi, liandike ulifikishe kaunti kabla siku zilizotajwa humo hazijaisha.