Tovuti za Serikali ni za Wananchi Wote

Siku hizi mwananchi anayetaka cheti cha kuzaliwa au kazi ya Serikali huambiwa aingie mtandaoni. Sisi twaliunga mkono jambo hili, maana foleni zimewapotezea wafanyakazi siku nyingi. Lakini kwenye dirisha la zamani alikuwapo karani, naye aliweza kumsomea ndugu yetu asiyeona. Tovuti haina karani.

Asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti maandishi yaliyo katika simu au kompyuta. Basi ofisi ikichapa tangazo la kazi, ikaligonga mhuri, ikalipiga picha na kuibandika picha hiyo kwenye tovuti, mara nyingi programu hubabaika au hunyamaza kabisa. Sisi twaona tangazo. Yeye asikia neno "picha" basi. Hali ni hiyo hiyo kwa kitufe kisichopewa jina na fomu isiyojazika bila kipanya. Kiziwi naye hupewa hotuba ya video isiyo na maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama. Siku ya mwisho ya maombi hupita, kisha tukaambiwa kwamba wenye ulemavu hawakujitokeza!

Hatuombi hisani. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 yaitaja intaneti waziwazi. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2019 Sheria ya Serikali Mtandao. Sheria tunazo. Aliyeadimika ni mkuu wa ofisi anayemwuliza fundi swali hili kabla ya kumlipa.

Wako watakaosema fedha hakuna. Tangazo lililokwisha chapwa na karani kuwekwa kama maandishi, badala ya picha, lagharimu nini? Ghali ni kubomoa na kujenga upya. Kwa hiyo sharti hili liandikwe katika kila zabuni, na tovuti isipokelewe mpaka ijaribiwe na wasioona wenyewe, tena walipwe ujira wao kama mafundi wengine.

Na vyama vya wafanyakazi navyo visikae kimya. Katika utumishi wa umma wamo wasioona. Mtumishi wa namna hiyo, mfumo wa ofisi yake usiposomeka, hana budi kumpa mwenzake neno lake la siri ili amsomee hati ya mshahara wake mwenyewe. Twataka viongozi wa vyama hivyo walipeleke jambo hili mbele ya waajiri katika mkutano wao ujao.