Pua Darini

Tangu niseme kwenye kipindi kwamba kazi yangu ni kufunga mashine zinazonusa moshi, maswali hayaishi. Shangazi yangu alicheka mpaka basi. "Yaani mwanangu, umesoma kote huko ukawe pua?" Haya, shangazi, hukukosea sana.

King'ora cha nyumbani, kile kinacholia ukiunguza chapati, kinakaa darini kikisubiri moshi ukifuate. Mashine yangu haisubiri. Ina feni inayovuta hewa usiku na mchana kupitia mabomba mekundu ya plastiki yanayopita juu ya chumba, na kila baada ya mita chache tumetoboa tundu dogo la milimita tatu hivi. Hewa inapita kwenye filta, halafu inamulikwa na leza. Chembe za moshi zikiwemo, mwanga unatawanyika na mashine inajua.

Utazikuta kwenye vyumba vya seva, zile zinazobeba picha zenu na pesa zenu za benki. Humo viyoyozi vinapuliza kwa nguvu, na waya unaoungua polepole unatoa moshi kidogo tu, tena usio na joto la kuupandisha. Unapotea hewani kabla king'ora cha kawaida hakijashtuka.

Ila kuna hesabu yake. Bomba likiwa na matundu 20 na moshi ukaingia tundu moja, mengine 19 yanaleta hewa safi. Mashine ikisoma asilimia 0.05 kwa mita, ujue pale kwenye tundu moshi umeshafika kama asilimia 1. Ni sawa na kumwaga kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya biriani ya harusi, kisha mtu aambiwe aionje. Ndiyo maana pua hii lazima iwe kali, na ndiyo maana bomba linalovuja ni balaa.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakabidhi chumba kimoja London Mashariki. Kwanza unazima mfumo wa gesi ya kuzimia moto, maana hutaki ifumuke kwa sababu ya jaribio lako. Kisha unapanda ngazi mpaka tundu la mwisho kabisa, unatoa moshi, mwenzako anashika saa pale kwenye mashine. Mwisho wetu ulikuwa sekunde 120. Tukapata 151. Tukarudia: 149.

Paneli ilikuwa kijani. Mtiririko wa hewa, asilimia 100. Meneja wa jengo akasema, "Mashine yenyewe inasema iko sawa, saini basi. Seva zinaingia kesho saa mbili asubuhi."

Sikusaini. Wenzangu, hapa nisikilizeni: ile asilimia 100 haina maana kwamba bomba ni zima. Siku ya kuiwasha, mashine inafundishwa mtiririko wake wa kawaida, na inachokikuta siku hiyo ndicho inachokiita kawaida. Ukiifundisha bomba likiwa linavuja, itaulinda huo uvujaji kwa miaka.

Tulifuata bomba hatua kwa hatua, mikono juu, shingo zinauma. Juu ya trei ya nyaya tukakuta kona imesukumwa tu ikaachwa, gundi hakuna. Mashine ilikuwa inavuta hewa pale, tundu la mwisho linapata mabaki. Tukazima feni, tukagundisha, tukasubiri ikauke vizuri, kwa sababu mvuke wa gundi nao ukivutwa ndani unaharibu kazi. Tukaifundisha upya. Sekunde 94.

Saa saba usiku hiyo. Meneja hakufurahi hata kidogo.

Asubuhi tukafanya jaribio la waya: mita mbili za waya wenye ganda la PVC, zinapashwa kwa umeme dakika tatu. Moshi wake hata huuoni vizuri. Kabla dakika mbili hazijaisha tangu tukate umeme, taa ya kwanza ikawaka. Nikasaini. Meneja akaniuliza kama hiyo harufu itatoka kabla ya seva kuingia.

Nikamwambia afungue mlango.