Dada yangu si mzungu, mwacheni na rangi yake

Najua niliahidi kuandika kuhusu boom kuchelewa, lakini hiyo itasubiri. Leo nina hasira nyingine kabisa.

Juzi nimerudi chuo kutoka Kihanga, Karagwe, kwenye harusi ya dada. Albamu ilitoka kabla sijaondoka. Bibi kaishika, kaangalia weee, halafu kaniuliza: "Mjukuu wangu, huyu bibi harusi ni wa nani?" Na bibi haoni vibaya jamani, anachagua maharage bila miwani. Ni fundi picha aliyempa dada uso wa rangi ya andazi bichi, mikono imebaki ya kahawia, na migomba ya nyuma imekuwa njano utadhani imepigwa na mnyauko.

Nilipomuuliza akajibu, "Wateja wenyewe wanapenda kutakata." Wateja gani? Dada hakuulizwa.

Sikatai, picha zilihitaji kurekebishwa. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kutaka wastani wake uwe kijivu. Muweke mtu mweusi ndani ya shela jeupe juani saa nane: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unaingia gizani. Akikaa chini ya turubai la bluu, bluu inamwagika usoni. Akisimama mgombani, kijani kinamrudia mashavuni. Hayo yote ni matatizo ya mwanga, siyo ya ngozi! Fundi yeye kaona giza, kavuta mwangaza mpaka mwisho, na picha zote mia mbili kazipa dozi moja. Huo ni mkorogo tu. Vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone vimepigwa marufuku nchini, lakini huu wa kompyuta tunaulipia na chenji hatudai.

Na siyo ugonjwa mpya. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi mmoja wa Kodak. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi rangi ziko sawa, sisi wengine tubaki macho na meno. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba waliowasukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na samani, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani pichani. Yaani kabati lilisikilizwa kabla yetu. Sasa filamu tumeachana nazo, GIMP ni ya bure, na bado tunajifanyia wenyewe?

Haya, mafundi, sikilizeni. Rangi kwanza, mwanga baadaye. Chukua kile kibomba cha waiti balansi, bofya kitu cha kijivu kweli, kama sementi kavu ya kibaraza. Usibofye kanzu ya baba mkwe iliyofuliwa kwa bluu, maana programu itaiondoa hiyo bluu na picha nzima itageuka njano (nadhani migomba yetu iliugulia hapo). Kisha soma namba za ngozi: nyekundu iwe juu, kijani ifuate, bluu iwe chini kabisa. Ni hivyo kwa mweusi na kwa mweupe. Bluu ikiipita kijani, hilo ni turubai, siyo dada.

Ndipo uje kwenye mwanga. Ule mstari wa mshazari, ushike upande wa vivuli, upandishe kidogo tu, kwenye leya inayogusa uso, shingo na mikono kwa pamoja. Shela liache. Na ule mng'ao wa paji la uso na mashavu usiufute kama jasho. Ngozi nyeusi umbo lake linasomeka hapo hapo, ukiufuta unabaki na bamba.

Faili za mwanzo dada alikuwa nazo kwenye flashi, nimezibeba. Nimefika picha ya 37. Bibi nitampelekea zilizosafishwa likizo, za kwenye simu hazitaki.

Na nyie mnaopiga picha za mahafali hapa chuo, najua mnanisoma. Mama yangu anakuja, na ni mweusi kunizidi.