Mzoga wa Nyangumi na Mzoga Wetu

Sisi wa Shinkolobwe tuko mbali na bahari, na nyangumi tulimwona kwenye picha tu, shuleni misioni. Hata hivyo habari ya Florence, katika jimbo la Oregon, Marekani, yatuhusu.

Mwezi wa Novemba 1970 nyangumi mfu, tani 8 hivi, alilala ufukoni akinuka. Kazi ya kumwondoa wakapewa watu wa idara ya barabara. Wakamtegea nusu tani ya dinamiti, wakitumaini ndege wa bahari watamaliza vipande. Sisi makarani tunaoandika hesabu ya baruti twajua kwamba baruti hupasua, haifuti. Minofu ikawanyeshea watazamaji, na pande moja likaponda motokari iliyosimamishwa mbali. Mwenye motokari alikuwa mjuzi wa baruti, na alisema baadaye kwamba aliwaonya. Mzoga mwingi ulibaki pale pale, ukazikwa mchangani.

Nasi tunao mzoga wetu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945, ilitoka katika mgodi huu. Uhuru ulipokaribia, 1960, Union Minière ikaziba mashimo kwa simenti ikaenda zake. Simenti haikuzuia njaa: watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono, hata Julai 2004 udongo ukawaangukia na kuwaua. Ndipo serikali ikavunja kijiji, kana kwamba nyumba ndizo zilizoporomoka.

Twadai hivi: mtaalamu yeyote atakayeletwa kuufunga mgodi aketi kwanza na wachimbaji, kabla ya kufungua kasha lake.