KOMPYUTA KUUKUU SI TAKATAKA

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 iliyofuata haikubaliwi rasmi na kampuni hiyo kuwekwa katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017, kwa kuwa inadai prosesa mpya na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo mashine ambazo jana yake zilikuwa zikichapa barua na kujumlisha mishahara bila kusita, ziliamka asubuhi zikiitwa za kizamani. Hakuna nati iliyolegea wala waya ulioungua. Kilichobadilika ni tangazo.

Twauliza: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba chombo cha kazi kimekwisha? Msumeno ukiwa butu, seremala ndiye aujuaye, wala hangoji kuambiwa na duka lililomwuzia. Wasomaji wetu wengi ni wafanyakazi, na neno hili hawahitaji kufafanuliwa.

Jambo hili halikuanza juzi. Mwaka 1994 ilipojulikana kwamba Microsoft ingeachana na MS-DOS, kijana mmoja wa Marekani aliyekuwa akisoma fizikia chuoni, Jim Hall, hakukaa akilalamika. Alitangaza kwamba itaandikwa nyingine ya namna ile ile, ya bure, ambayo kila mtu aweza kuisoma na kuirekebisha. Watu wasiojuana, kutoka nchi mbalimbali, wakaja kumsaidia. Kazi hiyo yaitwa FreeDOS, na toleo lake la 1.4 lilitoka Aprili 2025, yaani zaidi ya miaka thelathini baada ya programu za DOS kuhesabiwa kuwa maiti. Yaweza kuendesha hata kompyuta zenye prosesa za ukoo wa Intel 8086.

Tena yupo anayedhani kwamba mashine za zamani ni za kuchezea tu. Huyo na autazame mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan. Huko, tangu miaka ya 1980, kompyuta moja ya Commodore Amiga ilikuwa ikiongoza mitambo ya joto na ubaridi katika shule 19, kwa kupeleka amri kwa redio kupitia modemu. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari. Kampuni ya Commodore yenyewe ilifilisika mwaka 1994, lakini mwaka 2015 mashine ile ilikuwa bado kazini, na ikipatwa na hitilafu wakuu wa shule walimwita yule yule aliyeiandika, aliyekuwa angali akiishi jirani. Kuweka mtambo mpya badala yake kulikisiwa kugharimu kati ya dola milioni 1.5 na milioni 2. Hatusemi kwamba shule zisingebadili kamwe. Twasema walibaki na nafasi ya kuchagua wakati, kwa sababu alikuwapo mtu aliyeijua kazi ile.

Na kazi yenyewe si uchawi. Kinachokufa kwanza katika kompyuta kuukuu mara nyingi ni diski inayozunguka. Katika mashine za miaka ya 1990 mafundi huiondoa na kuweka memori kadi ya CompactFlash kwa kiunganishi cha bei ndogo, kwa maana kadi hiyo inafahamu lugha ile ile ya diski za IDE. Mahali pa kusomea flopi, ambazo sumaku yake huchakaa, hufungwa kifaa kinachosoma flashi na kuidanganya kompyuta kwamba ni flopi. Kapasita zilizovimba hubadilishwa moja moja. Betri ndogo iliyogandishwa kwenye bodi haifai kusahauliwa hata siku moja: ikivuja hula njia za shaba polepole, ndani ya kabati, wakati wenye mali wanadhani mashine imehifadhiwa salama. Hiyo imeua kompyuta nyingi kuliko kazi ilivyopata kuziua.

Kuongeza uwezo nako kuna mpaka. Windows 98 hutatizika ikipewa kumbukumbu inayozidi megabaiti 512, basi fundi anayejaza tu bila kuuliza huiharibu mashine aliyotaka kuisaidia. Kwa kompyuta za miaka kumi iliyopita, zile zilizokataliwa na Windows 11, dawa ni nyepesi zaidi: diski isiyozunguka, kumbukumbu kidogo zaidi, na Linux ya bure ambayo marekebisho yake ya usalama yanaendelea kutolewa.

Watu wengine watasema kwamba tunataka ofisi zirudi nyuma. Sivyo. Ipo hatari ya kweli, nasi hatuifichi. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita katika ufa wa Windows na kuvuruga kazi za hospitali nyingi za Uingereza hata wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Wengi wa walioathirika duniani walikuwa hawajaweka marekebisho yaliyokwisha tolewa miezi miwili kabla. Kompyuta iliyoachwa bila ulinzi haifai kufungwa kwenye intaneti, wala kuwekewa hesabu za benki. Lakini ile yenye kuendesha mashine ya kukata vyuma, au kuandika stoo, au kusoma faili ambazo programu mpya haziwezi kuzifungua, ina kazi yake pembeni, nje ya mtandao, na yaiweza.

Kwa upande mwingine kuna jalala. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika hata robo. Katika taka hizo mna risasi na zebaki. Nchi zetu, zinazopokea shehena za kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya, zajua wapi mwisho wa safari ya vitu hivyo, na ni vijana gani wanaovichoma moto kutafuta shaba.

Maoni yetu basi ni haya. Ofisi yoyote ya umma, na ofisi za matawi pia, isitie sahihi hati ya kuzitupa kompyuta zake kabla fundi hajazifungua na kuandika kila moja ina ubovu gani. Neno "ya zamani" lisihesabiwe kuwa ubovu. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kutumia chuma cha kulehemu, si kubadilisha bodi nzima tu. Na flopi za programu zilizolala makabatini, pamoja na vitabu vyake vya maelekezo, zinakiliwe mwaka huu huu. Zile za miaka ya 1980 nyingine zimekwisha anza kugoma kusomeka.